Bibi Yupi?

Kitabu kilimchanikia mikononi katikati ya duka la fotokopi, mchana, watu wamejaa hadi mlangoni. Kurasa zikatawanyika miguuni mwa wateja. Dada wa Kamusi, kama walivyomwita pale kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukusanya maana za maneno, akapiga magoti huku machozi yakimlengalenga. Kijana mrefu, shati lake la samawati lina madoa ya gundi, akainama kumsaidia.

"Pole, dada. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Nitakushonea."

"Taratibu basi! Ni hadithi za zamani, sina nakala nyingine."

"Unatafuta nini humu?"

"Neno moja. Bibi."

"Kitabu kizima, neno moja?"

Ndiyo. Katika hadithi hii, bibi ni mke wa mtu. Katika ile, ni mwanamke mwenye cheo. Mbele kidogo, ni kikongwe mwenye wajukuu. Kila alipolikuta, aliinakili sentensi kwenye kadi. Fundi naye akawa hakosi kupiga simu jioni.

"Kadi ngapi leo, mpenzi?"

"Arobaini na moja. Wake za watu wameongoza."

"Ongeza mmoja, wangu. Bado sijampata, ila namjua sauti."

Dada akacheka mpaka akaficha uso kwenye mto.

Ijumaa moja alivaa gauni lake la kijani, akaenda karakana alikofanya kazi fundi, kumshtukiza. Kabla hajabisha hodi alimsikia fundi akiongea kwenye simu: "Siwezi kuchelewa. Bibi yuko peke yake nyumbani, bila mimi hapati usingizi."

Moyo ukamlipuka. Akageuka, akaondoka bila hata salamu.

Siku tisa hakupokea simu. Ujumbe ukaja: *Nimekukosea nini?* Kisha mwingine: *Nakuhitaji. Tafadhali.* Akaufuta, halafu akakesha akijutia kuufuta.

Siku ya kumi mkuu wake wa kazi alikitaka kitabu, alichokuwa amekirudisha karakana kitiwe jalada jipya. Akaenda karakana akiomba asimkute fundi. Alimkuta mzee mwenye karakana, peke yake.

"Kijana hajaja wiki nzima, mwanangu. Bibi yake amelazwa."

"Mke wake?"

"Mke ametoka wapi? Mama wa mama yake, aliyemlea. Wanasema hali si nzuri."

Yeye, ambaye mkate wake ulikuwa kuuliza neno lina maana gani, hakuwa ameuliza. Alikiacha kitabu mezani, akauliza ni hospitali gani, akatoka mbio.

Alimkuta fundi kwenye benchi nje ya wodi, ndevu zimemwota, macho mekundu.

"Nilidhani una mke," alisema, akihema. "Nilikusikia kwenye simu, ukisema bibi..."

Fundi akainuka kwenye benchi.

"Ungeniuliza."

"Najua."

"Nilikupigia siku alipozimia. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia."

"Najua. Nisamehe."

"Bado nina hasira nawe."

"Basi nitaondoka."

"Nimesema nina hasira. Sijasema uondoke."

Kutoka ndani sauti dhaifu ikauliza, "Nani huyo hapo nje?"

"Ni yule niliyekueleza habari zake."

"Yule asiyepokea simu?"

"Huyohuyo."

Dada akashikilia fremu ya mlango.

"Aingie," mgonjwa akasema. "Nawe nenda ukalale, mjukuu wangu. Leo atakesha yeye."