Kampuni ya Mama Haina Lifti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pindo aliokota vipande vya uzi na kufagia chumba cha cherehani. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, fundi wa nguo, kwa sababu alijua kushona pindo la sketi kabla hajajua kusoma. Mama alishona humo na wenzake watatu, bega kwa bega, na nafasi ya kujinyoosha hakuna.

Balaa lilianzia darasani. Mwalimu wa Kiingereza aliuliza wazazi wa kila mmoja wanafanya kazi wapi. Pindo akaona haya, ulimi ukateleza.

"Mama yangu ana kampuni," alisema. "Ya ghorofa tatu. Ina lifti."

"Vizuri sana. Ijumaa tutaitembelea."

Pindo alirudi nyumbani roho mkononi. Mwishowe alimweleza mama yake yote, machozi yakimlengalenga.

Mama aliweka mkasi chini. Maneno yale yalimchoma, wala hakuficha.

"Unakionea aibu chumba kilichokuvisha sare hiyo, mwanangu?" Kisha akashusha pumzi. "Waache waje. Lakini wa kuwaambia ukweli ni wewe."

Ijumaa wanafunzi na mwalimu wao walijazana mlangoni. Pindo alisimama mbele yao.

"Niliwadanganya. Hakuna ghorofa wala lifti. Mama na wenzake wanashonea hapa, na sare nyingi mlizovaa zimetoka humu."

"Cherehani nne ndiyo kampuni?" aliuliza Domo, mcheshi wa darasa.

Saa ya mapumziko ilikuwa imefika. Cherehani zikanyamaza. Mama akakata mkate, kila fundi akapata kipande chake, na cha mwenzao aliyekwenda kununua vifungo kikafunikwa kwa kitambaa. Ndivyo walivyofanya tangu walipokuwa na cherehani moja ya kupokezana.

Mwalimu alikitazama kile kipande kilichofunikwa.

"Neno kampuni tumelipata kwa Waingereza," alisema, "lakini asili yake ni Kilatini, lugha ya kale. Lilihusu watu wanaokula mkate pamoja. Ghorofa hazikuwemo."

"Basi Pindo alidanganya kuhusu ghorofa na lifti tu," akasema Domo. Wote wakacheka, hata Pindo.

Mwalimu hakumwachia hivihivi. "Uongo ni uongo, Pindo, ila leo umeufuta mwenyewe mbele ya watu. Usiende tena kutafuta heshima kwenye ghorofa za kubuni wakati ipo hapa kwenu."

Mama akampa kisu na mkate uliobaki. Pindo akakata taratibu, kifua mbele, akaanza kwa Domo.

"Karibuni kwenye kampuni yetu," alisema.