Midomo ya Watu wa Nyundo

Mvua ya Februari ilikuwa imewasukuma watu wote wa Birmingham madukani, na duka la santuri la Bwana Yardley, nyuma ya soko la Bull Ring, halikuwa na mahali pa kutia mguu. Avril Pargeter alijipenyeza hadi kwenye kibanda cha kusikilizia, akafunga mlango wa kioo, akavua glavu zake safi akangojea. Koti lake la buluu lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa ameomba kwaya ya Wales, aisikilize kabla ya kutoa hela.

Kilichotoka kwenye spika hakikuwa kwaya. Lilianza pigo moja zito, likanyamaza. Likaja jingine. Kisha gita likaburuta sauti nene, polepole, kama mtu anayevuta kabati juu ya sakafu ya mawe. Avril aliufungua mlango kwa pupa akagongana na kijana aliyekuwa anaingia.

"Samahani dada, wamekuwekea santuri yangu."

"Yako? Kelele hii ni yako?"

"Yangu hasa. Gita hilo ni mimi."

Avril alimpima toka juu hadi chini. Nywele hadi mabegani, zikidondosha maji. Koti kuukuu la kijeshi. Suruali ya mahameli ya zambarau iliyopauka magotini. Lakini macho yalikuwa ya upole, na mikono ilikuwa na makovu madogo ya cheche za moto, makovu aliyoyajua vizuri kwa sababu baba yake alikuwa nayo.

"Na kuna mtu anakulipa kwa hilo?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuja kusikiliza bure."

Avril alicheka bila kutaka. Kijana akacheka naye, na wote wawili wakabaki wamebanana kibandani mpaka upande wa kwanza wa santuri ukaisha.

Jina lake Neville Hodgetts. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua vyuma huko Aston, jioni alipiga gita na wenzake watatu. Bendi yao iliitwa Masizi. Walikuwa wamekwenda London kwa gari bovu, wakarekodi albamu nzima kwa siku moja, wakala chipsi, wakarudi nyumbani. Waliiita *Nyundo Nambari Tatu*.

"Kwa nini nyundo?" Avril alimuuliza wiki ile ile, wakiwa kwenye baa moja iliyojaa moshi.

"Nifungulie redio uone. Wote wanaimba maua. Vaa maua kichwani, tupendane, jua linawaka. Wewe umeliona wapi jua hapa?" Neville alisogeza glasi. "Tulianza kwa kuiga nyimbo za bluzi za Wamarekani. Siku moja nikazilegeza nyuzi za gita, zikatoa sauti ya chini kabisa. Mpiga ngoma wetu akaruka. Akasema, hiyo ni nyundo nambari tatu ya kazini kwetu! Basi tukaifuata."

Kisha akainua uso, akachezesha midomo kuelekea kaunta bila kutoa sauti, na rafiki yake kule ng'ambo akanyoosha vidole viwili na kuagiza bia.

"Mmeongeaje?"

"Kwa midomo. Kiwandani nyundo za mashine zinameza sauti yote. Usipojua kusoma midomo utakatwa mkono huku watu wanakupigia kelele za bure."

"Kama baba yangu," Avril alisema. "Yeye masikio yameshakwenda. Hata nikipaza sauti nimefunika uso kwa nguo hanielewi, nikifunua tu ananijibu."

"Mzee naye ni mtu wa nyundo? Sasa unangoja nini kunipeleka nyumbani?"

"Utakwenda. Usiwe na haraka, kipenzi."

Haraka haikuwa upande wa Neville peke yake, maana mapenzi yalikuwa yamekwisha kumkamata Avril. Alikuwa mpokea simu kwenye kiwanda cha matandiko ya baiskeli, yaani viti vyake, na kila saa ya chai Neville alimpigia kutoka kibanda cha simu cha barabarani.

"Matandiko ya Baiskeli, habari za asubuhi."

"Nataka tandiko la watu wawili."

"Hatutengenezi hayo, bwana."

"Basi nitamtafuta msichana mwembamba. Wewe je, umekula pai leo?"

"Mshenzi wee!" Na mkuu wake akamtupia jicho, naye akaunganisha simu nyingine huku mashavu yakiwaka.

Lakini nyumbani hakumtaja. Jumapili alivaa kofia yake, akaenda kanisani kwao Wamethodisti huko Smethwick, ambako baba yake, mzee Josiah Pargeter, ndiye aliyeongoza kwaya kwa kuitazama midomo ya waimbaji. Pale kanisani kila mtu alikuwa amesikia habari za Masizi. Albamu ilikuwa kwenye madirisha ya maduka, jalada lake jeusi lenye picha ya tanuri lililozimwa na kunguru juu yake. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba ni kelele za mashine iliyokosa grisi. Bi Tranter, mke wa msimamizi wa shule ya Jumapili, mwanamke mwenye kifua kipana na ulimi mpana zaidi, alisema ni kazi ya shetani, na kwamba msichana yeyote aonekanaye na wahuni wale asitegemee kupanda jukwaani siku ya Sikukuu.

Sikukuu ya Shule ya Jumapili ndiyo ilikuwa siku kubwa ya mwaka. Kila mwaka jukwaa la ngazi lilijengwa kanisani hadi karibu na dari, wasichana wakapangwa juu yake kwa magauni mapya meupe, na mtaa mzima ukaja kuangalia. Avril alikuwa mwimbaji wa kwanza wa ngazi ya juu. Ukipenda boga upende na ua lake, wahenga walisema. Avril alilipenda boga, akalificha ua.

Mwezi wa tano alikwenda Bull Ring na Bi Tranter na akina mama wa kwaya kununua kitambaa cheupe. Wachuuzi walikuwa wakipigizana kelele, bei za samaki huku, bei za viazi kule. Avril alikuwa anakipima kitambaa kwa mkono alipomwona Neville ng'ambo ya meza za samaki, amevaa mahameli yake, nakala ya albamu kwapani. Neville alimwona pia. Uso wake wote ukafunguka. Akainua mkono akampungia, mkono mrefu juu ya vichwa vya watu.

"Mungu wangu," alisema Bi Tranter. "Lile jitu la bendi ya shetani linakupungia wewe, Avril?"

Akina mama wote waligeuka.

"Mimi? Simjui, Bi Tranter. Wahuni kama hao hunikodolea macho kila Jumamosi. Labda amelewa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, tena akitabasamu. Kule ng'ambo mkono wa Neville ukashuka taratibu. Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kununua, kisha akageuka akapotea kwenye watu.

Jumatatu simu ililia saa ya chai.

"Matandiko ya Baiskeli, habari za..."

"Nimesikia hunijui."

"Nani kakuambia uongo huo?"

"Wewe. Simjui, Bi Tranter. Wahuni kama hao hunikodolea macho kila Jumamosi. Labda amelewa. Kuna neno nimekosea?"

Avril alishika kingo za meza. "Neville, pale sokoni kelele zilikuwa nyingi, ungewezaje..."

"Kelele? Mimi mtu wa nyundo, Avril. Na wewe mtoto wa mtu wa nyundo. Gazeti limetutukana, nikacheka. Mama yangu amesema albamu inamuumiza kichwa, nikacheka. Hili limenishinda kucheka."

"Kipenzi, nisikilize..."

"Peni nilizotumbukiza kwenye simu zinaisha."

"Ongeza nyingine, tafadhali!"

"Ninazo," Neville alisema. "Acha ziishe."

Simu ilikatika. Taa za ubao wake ziliwaka, watu wakitaka kuunganishwa, na Avril hakuziona. Petro alimkana bwana wake mara tatu, tena mbele ya watu walioweza kumwua. Yeye alimkana mtu wake mara moja, mbele ya kitambaa cha gauni. Aliona aibu kiasi kwamba hata kujitazama kwenye kioo cha chooni hakuweza.

Jioni alipita kwa Bwana Yardley akainunua albamu ile, akaificha chini ya koti. Alifika nyumbani akidhani baba yake yuko kwenye mazoezi ya wanaume wa kwaya. Mzee Pargeter alikuwa jikoni akinywa chai.

"Umeficha nini?"

Hakuwa na nguvu tena ya uongo. Alimweleza yote, akiinua uso ili baba aone midomo, na hilo lilikuwa gumu kuliko kukiri kwenyewe, maana mwenye aibu hutaka kuinama. Alisema habari za kibanda cha santuri, simu za chai, mkono uliopungia, na maneno aliyomjibu Bi Tranter.

"Iweke," alisema mwishowe.

"Baba, hutaisikia."

"Nimekwambia iweke. Na sauti yote juu."

Santuri ilianza. Mzee aliweka viganja vyake vyote viwili juu ya kabati la gramafoni, akafumba macho. Pigo la kwanza likatikisa vikombe. La pili, la tatu. Gita likaja chini yake, zito, bila haraka. Mzee Pargeter alitikisa kichwa polepole, kisha mguu wake ukaanza kuhesabu.

"Nyundo ya tani tano," alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Inaangushwa mara moja, fundi anageuza chuma, inaangushwa tena. Sawa kabisa. Huyu kijana hajabahatisha." Alibaki pale hadi wimbo ukaisha. Machozi yalikuwa yameshuka kwenye masharubu yake. "Tangu ujana wangu nimeimba habari za mbinguni, mwanangu, na nitaendelea. Lakini hakuna aliyewahi kuimba mahali ninapokwenda kila asubuhi."

Kisha akamtazama. "Ulimwonea haya kwa sababu ya masizi, Avril? Na mimi nikirudi kutoka kazini, huwa nina rangi gani?"

Avril alirudisha sindano mwanzoni mwa santuri.

Kesho yake alimsubiri Neville kwenye lango la kiwanda. Wanaume walitoka, nyuso nyeusi, vikapu vya chakula mikononi. Neville alipomwona alisimama, lakini hakumkaribia.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosa, Neville. Nilikuwa mwoga."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Hapa hakuna Bi Tranter. Hapa unanijua bila gharama." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma.

"Jumapili ya Sikukuu njoo kanisani," Avril alimwambia. "Baba anakualika."

Neville alivuta kofia yake machoni akaondoka na wenzake.

Siku ya Sikukuu kanisa lilijaa chini na juu. Wanaume walikaa kwenye roshani za pembeni, suti zao zikinuka dawa ya nondo. Avril alisimama ngazi ya juu kabisa kwa gauni jeupe la kitambaa kile kile, na kila alipogusa kiuno chake alikumbuka meza za samaki. Wimbo wa pili ulipoisha mlango wa nyuma ulifunguliwa. Neville aliingia. Alikuwa amezifunga nywele kisogoni kwa kamba ya kiatu, na amevaa suti ya baba yake iliyomwishia juu ya vifundo. Alibaki pale pale mlangoni.

Bi Tranter, aliyekaa mstari wa mbele, aligeuka, akafyonya.

Avril alichezesha midomo bila sauti. *Nisamehe.*

Midomo ya Neville ikajibu. *Kwa sauti.*

Mzee Pargeter alikuwa ameinua fimbo yake ya kuongozea. Alikuwa ameyaona maneno ya binti yake, akaishusha fimbo. Kinanda kikanyamaza. Avril akainua uso kuelekea mlangoni.

"Yule aliyesimama mlangoni," alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba, akaanza upya. "Yule ni Neville Hodgetts wa bendi ya Masizi. Bi Tranter uliniuliza kama namjua, nikasema simjui. Nilisema uongo. Namjua, nampenda, na aibu ninayoiona leo si kwa ajili yake. Ni ya maneno yangu."

Msichana mmoja wa ngazi ya chini alikohoa.

"Kijana!" alinguruma mzee Pargeter, kwa sauti ile ya viziwi isiyo na kipimo. "Unazuia mlango! Njoo mbele, waimbaji wangu wawili wa besi wanaumwa mafua!"

Neville alipita katikati ya viti, suruali fupi, masikio mekundu, akasimama ubavuni mwa jukwaa. Kinanda kilianza wimbo mwingine, watu wakainua sauti, dari ikavuma. Katikati ya kelele ile Neville aliinua uso kwa Avril, akachezesha midomo yake polepole, neno kwa neno, swali la siri kabisa.

Kumbe naye alisahau. Smethwick yote ilikuwa watu wa nyundo. Kwenye roshani za pembeni wanaume waliacha kuimba mmoja baada ya mwingine, wakaegemea mbele, macho yakitoka kwa Neville kwenda kwa Avril. Mzee Pargeter aliongoza kwa mkono mmoja huku kwa mwingine akijifuta pua.

"Amesema nini?" Bi Tranter alikuwa akiwauliza majirani. "Mbona wanaume wote wananyamaza? Amesema nini?"

Avril alimjibu Neville kwa midomo, kisha akainama kutoka juu ya jukwaa, uso ukiwaka.

"Amesema tuoane, Bi Tranter," alijibu kwa sauti. "Na mimi nimemwambia ndiyo."