Jangwa Linaanzia Kavumu

Didier aliruka mtaro, akapenya katikati ya magunia ya mihogo, akateremka vijia vya Kadutu kama maji ya mvua.

Nsimire alikuwa nyuma yake. Hatua kumi.

Hatua saba.

Sokoni walimjua kama muuza sambaza. Miezi minne alikaa pale na beseni lake la samaki wadogo wa ziwa, akinuka kama wao, akisikiliza. Ofisi iliyomtuma haina bango wala mlango wa mbele. Huko anaitwa Kozi, na kozi, ndege mwindaji, hashuki mpaka aone kifaranga.

Leo asubuhi kifaranga kilijileta chenyewe. Didier, fundi wa ndege na mtu wa mkono wa Tonton Hugues, mgeni aliyeshukiwa kutorosha dhahabu, alitandaza turubai karibu na beseni lake akaanza kuuza: kioo cha kurushia mwanga wa jua, blanketi nyepesi zinazometa, mifuko ya maji iliyofungwa kiwandani. Na kidude cha rangi ya chungwa chenye antena.

Balise.

Ndege ndogo ikianguka, balise ndiyo inayolia angani ili waokoaji wajue pa kwenda. Hakuna rubani anayeuza balise yake. Nsimire aliinuka tu, na Didier, alipoona macho yake, akakimbia.

Hatua tatu.

Alimdaka ukosi wa shati mbele ya kinu cha mahindi, akambana ukutani. Bastola yake ya Browning ilimgusa ubavuni, baridi.

"Maman, niache. Mi niko fundi tu."

"Hii balise imetoka mu avion gani?"

"Ya Tonton. Alisema vyote nitupe mu ziwa. Mais vitu vizuri hivi, mutu anatupa?"

Nsimire nusura acheke. Katika mji ambamo hata kopo tupu lina mnunuzi, Hugues alitoa amri ya kutupa mali, akaenda zake akidhani imetekelezwa. Miezi mitatu Bukavu, pasipoti mbili mfukoni, na bado hakuujua mji.

Yaliyobaki Didier aliyatapika kwa pumzi moja. Ndege ni Cessna 206, iko Kavumu. Rubani ni Déborah, msichana wa Nyangezi mwenye leseni ya binafsi, anayetafuta saa za kuruka ili apate leseni kubwa. Hugues amempa saa za bure: amrushe mpaka Entebbe, waongeze mafuta, kisha wavuke jangwa la Turkana. Sanduku la dharura la ndege hufungwa kwa lakiri, na wakaguzi hawalifungui. Didier alitoa humo vyote vya kuokoa maisha, akajaza dhahabu ya Mwenga, akaifunga lakiri upya. Katikati ya jangwa Hugues atamlazimisha binti atue. Magari mawili yanangoja. Dhahabu itashuka, mafuta yatamwagwa mchangani.

"Na pilote?"

Didier alitazama miguu yake.

"Tonton alisema risasi ni kazi ya bure. Jua itamumaliza."

Bila maji. Bila balise. Dunia nzima ingesema: ajali, maskini, alikuwa bado mtoto.

"Inaruka saa ngapi?"

"Saa ine kasoro kumi."

Casio mkononi ilionyesha saa tatu na robo.

Nsimire alimtia pingu kwenye nguzo ya kinu, akawaomba mama wauza mihogo wamtazamie. Mmoja alikuwa anamdai Didier tangu Pasaka. Alivuta kigoda akaketi mbele yake kwa furaha.

Funguo za pikipiki zilikuwa mfukoni mwa fundi. TVS nyekundu, tanki nusu.

Aliipiga teke ikanguruma.

Simu ya Tecno ilikuwa tayari sikioni, chini ya kitambaa. Upande wa pili alikuwa mkubwa wake, Ezéchiel.

"Muzee, nyoka iko ku Kavumu. Inatoka asubuhi hii."

"Karatasi zake zina sahihi ya juu. Siwezi kuzuia."

"Basi nitumie watu."

"Watu gani? Sijui nani kule hajanunuliwa. Uko peke yako, Kozi. Ila kijana wa tour, mnara wa kuongoza ndege, ni safi. Anaitwa Camille. Nakutumia namba."

Akakata.

Barabara ya Goma haimngoji mtu. Malori ya mchanga, mbuzi, makanisa yanayomwaga watu, mashimo ya kumeza gurudumu. Nsimire aliyapita yote akiwa amelala juu ya usukani. Upepo ulimtoa machozi. Kila alipopita lori moja, lingine lilikuwa mbele, na mbele ya hilo lingine, kama vile nchi nzima imeamua leo kwenda Kavumu polepole.

Mudaka. Saa tatu na dakika arobaini na moja.

Alimpigia Camille. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba karatasi ziko mezani pake, zimekamilika, na ndege yenye sahihi ile akiisimamisha bila sababu kesho atakuwa anauza mkaa. Zaidi ya hayo, Hugues amekaa kando ya rubani na vyombo vya kusikilizia masikioni. Neno lolote la onyo atalisikia kabla ya Déborah kulielewa.

Nsimire alikwepa baiskeli yenye ndizi.

"Pilote asiye na balise anaweza kuvuka jangwa?"

"Hapana. Ile ni sheria."

"Basi mwambie aijaribu."

Kisha Camille akaeleza, na sasa sauti yake ilikuwa imeamka. Jaribio linaruhusiwa dakika tano za kwanza za kila saa tu, ili mlio usidhaniwe ni ajali. Wakati mwingine wowote Hugues angeshtuka. Kuanzia saa nne kamili hadi saa nne na dakika tano, ni desturi tu.

"Wanaruka kasoro kumi, na jaribio ni saa ine," alisema Camille. "Nitawaambia kuna cargo inashuka. Watangoja. Mais, maman, balise ikinyamaza, ule mutu atafanya nini?"

Nsimire alijua. Mtu mwenye dhahabu na bastola haulizi njia.

"Usianze kabla sijafika."

"Na ukichelewa?"

Nsimire aliongeza mafuta.

Kijiji cha Miti. Saa nne kasoro dakika nne.

Lori la bia lilikuwa limelala kwa upana barabarani. Nsimire alishuka kwenye shamba la maharagwe, akakata matuta matatu, akarudi juu na majani yakimning'inia kwenye spoku.

Saa nne na dakika mbili aliuona uzio wa uwanja. Alichomoa redio ndogo ya Icom, akaiweka kwenye masafa ya tour.

Camille hakuweza kungoja tena, akaiita ndege kwa jina lake la redioni.

"Kilo Bravo, kabla ya kuruka. Vifaa vya jangwa?"

"Viko." Sauti ya msichana, changamfu, yenye majivuno ya mtu aliyefika mbali kwa jasho lake.

"Maji?"

"Lita makumi mbili."

"Umeyaona kwa macho?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Lakiri iko nzima."

"Balise, fanya jaribio. Ninasikiliza ku moja-mbili-moja decimal tano."

Nsimire alizima TVS, akapita penye uzio uliolala, akakimbia ameinama. Cessna ilikuwa mwisho wa njia ya kurukia, propela inazunguka. Alikuja kutokea nyuma, upande wa kulia, ambako mkia ulimficha.

Mlio ambao Camille aliungoja haukuja.

"Kilo Bravo, rudia."

Hakuna.

"Kilo Bravo, mi sisikie kitu."

Sauti ya mwanaume ilipenya, kali. "Ruka. Ni kifaa tu. Ruka, mademoiselle."

Mita mia moja.

Nsimire aliwasikia watu wawili wakivutana ndani ya Déborah: yule anayetaka saa zake, na yule aliyefundishwa kwamba jangwa halisamehi.

"Tour," alisema msichana, "nazima mashine. Siruki juu ya jangwa nikiwa bubu."

Propela ilikohoa, ikasimama.

Hugues alilipuka. Mlango wa kushoto ulifunguka, Déborah akaruka chini na ufunguo mkononi. Risasi ilitoboa kioo, ikapita juu ya nywele zake. Alianguka kifudifudi kwenye majani akabaki hapo.

Mita ishirini.

Kiti cha kulia cha Cessna 206 hakina mlango. Hugues alikuwa na njia mbili: kushoto, nyuma ya msichana, au milango ya mizigo, nyuma kulia. Mtu mwingine angetoka kushoto na kukimbia.

Lakini sanduku lilikuwa nyuma.

Nsimire aliegemeza bega kwenye bati la ndege, akangoja. Alisikia viti vikigongwa, matusi, kitu kizito kikiburutwa. Milango ikasukumwa. Hugues alitokea amekumbatia sanduku la dharura la rangi ya chungwa kifuani kwa mikono yote miwili, uso mwekundu kwa uzito, bastola imechomekwa kiunoni.

Browning ilimgusa shingoni.

"Pole, Tonton. Chagua. Sanduku, ama kichwa."

Alichagua taratibu sana. Sanduku lilianguka, lakiri ikapasuka, na vipande vya dhahabu vikatawanyika kwenye vumbi. Hapakuwa na tone la maji.

Camille alikuja mbio na kamba. Nsimire alipiga simu.

"Nyoka iko mu gunia."

"Na mutoto?" aliuliza Ezéchiel.

"Mzima."

"Kazi nzuri. Potea."

Déborah alikuwa ameketi kwenye majani, ufunguo bado umebanwa kiganjani. Aliitazama dhahabu, kisha anga ya kaskazini, nyeupe, tupu.

"Niliandika lita makumi mbili," alisema. "Kwa mukono yangu. Sikufungua." Alimgeukia Nsimire kama anayemwuliza dada mkubwa. "Yaya, na kama ningeruka?"

Nsimire alijifunga kitambaa chake kichwani. Angeweza kumdanganya.

"Ningekuwa nimechelewa."

Akavuka njia ya kurukia bila kugeuka, akatokea barabarani Kavumu, akanunua hindi la kuchoma kwa mama wa kwanza aliyemwona. Mama akamuuliza kule uwanjani kelele ni za nini.

"Avion haikuruka," alisema Nsimire, akauma hindi.