Bahasha Tatu, Mkono Mmoja

"Zabuni ya madawati ya shule ni yangu," Fundi seremala alimwambia mkewe. "Wengine wanajisumbua tu."

"Hata bahasha hujapeleka, baba," mkewe akajibu, huku akipiga msasa kigoda cha jirani.

Kumbe Fundi alikuwa na hila. Aliandika bei tatu, kila moja na bahasha yake. Moja ya karakana yake. Mbili za karakana zisizokuwepo, majina kabuni mwenyewe, bei za kukata pumzi. Yake ionekane nafuu.

Akaingia Shangazi, mwenye kigoda. Si shangazi wa damu. Mtaa mzima humwita hivyo. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa manunuzi. Macho yake yakatua kwenye zile karatasi tatu za bei mezani.

"Karakana tatu, na zote zinapima kwa inchi?" akauliza. "Tangazo linataka sentimita. Anayeng'ang'ania inchi hapa mtaani namjua mmoja tu."

Mke akaangua kicheko.

"Ni ujanja kidogo wa biashara, Shangazi," Fundi akasema.

"Ni udanganyifu. Sheria inakataza. Wakigundua, wanakufungia usiombe tena kazi ya umma. Hata mahakamani utafika. Na shule je? Mashindano yakiwa ya uongo, haitajua bei ya haki. Ikilipa zaidi, madawati yanapungua, na mtoto wa mtu anakaa sakafuni."

Fundi akanywea. "Nifanyeje? Nikiikosa kazi hii nafunga karakana. Na madawati mia mbili peke yangu siyawezi."

"Seremala wa ng'ambo ya barabara ana mashine ya randa, na kazi hana. Someni masharti. Yakiruhusu, ombeni pamoja, waziwazi: majina yenu mawili, fomu moja, bei moja ya kweli."

Masharti yaliruhusu, na seremala yule akakubali. Zile bahasha tatu ziliishia jikoni, zikachemsha chai. Siku ya kufungua zabuni, bei zilisomwa mbele ya waombaji wote. Baada ya wiki mbili, barua ikaja: wameshinda.

Siku ya kupakia madawati, Fundi akawapigia domo majirani. "Mimi hila za zabuni sizijui kabisa! Na hili la kuomba pamoja nililiwaza mwenyewe, nimelala chali."

Mtu akakohoa nyuma ya gari. Shangazi.

"Endelea, mwanangu. Nasikiliza."

Fundi akajikuna kisogo. "Ndiyo nilikuwa nafika kwako! Jamani, huyu ndiye aliyeniokoa. Bila yeye leo ningekuwa na kesi, si kazi. Ahsante sana, Shangazi. Kwa moyo wote."

"Na yale ya mwanzo?"

"Yale... yafuteni."