Pikipiki Iliyolala kwa Adija

Siku ya kupima korosho, Kitomanga hujaa watu hata pa kuweka mguu huoni. Adija alikuwa amekaa juu ya gunia la mama yake mbele ya ghala, kavaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya machungwa, pikipiki iliyobeba magunia mawili ilipokuja kusimama karibu kabisa na magoti yake. Injini ilikuwa inagonga kwa juu, tak, tak, tak, kama cherehani kuukuu.

"Kaka, valvu zako zimelegea," alisema.

Dereva akazima. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi na kisha kupigwa vumbi. Alimtazama Adija kuanzia mtandio hadi kandambili.

"Dada, wewe na valvu wapi na wapi?"

"Baba yangu alikuwa fundi. Alipofariki, fundi nikawa mimi. Ulizia kwa marehemu mzee Ibrahimu, nyuma ya msikiti."

"Na ukiigusa ikazidi kulia?"

"Nitakubebea haya magunia kichwani."

Nurdin, maana ndilo jina lake, alicheka mpaka karani wa mizani akageuka. Ukitaka kujua mwanamke mwenye akili zake timamu huingiaje matatani, ndiyo hivyo tu. Mtu alicheka vizuri.

Jioni Nurdin akafika na pikipiki uani kwa Adija. Adija alisogeza kiganja karibu na injini, akatikisa kichwa.

"Valvu hazipimwi kwenye injini ya moto. Chuma kikipata joto hutanuka, kipimo kinakudanganya. Iache ilale hapa, uje alfajiri."

Kwao Nurdin ni Milola, lakini alikuwa amepanga chumba hapo hapo Kitomanga. Akaiacha, akaenda kwa miguu. Baada ya sala ya alfajiri alirudi na vitumbua vya moto, akamkuta Adija ndani ya ovaroli ya baba yake, mikono kaikunja, kafungua vifuniko viwili vya juu ya injini. Alikuwa anaizungusha injini taratibu kwa spana mpaka alama ya ndani ikae mahali pake na valvu zote mbili zilegee. Kisha akachukua fila, bamba la chuma jembamba kuliko ukucha, akalipitisha kwenye upenyo wa valvu.

"Shika uvute," alimwambia. "Unasikia inakataa kidogo? Ndipo penyewe. Ikipita bure, imelegea. Isipopita, umeibana."

Mikono yao ikagusana hapo kwenye bamba. Fila ilivutwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Pikipiki ilipowaka, Nurdin alisikiliza. "Mbona bado inalia kwa mbali?"

"Ikinyamaza kabisa ujue valvu inaungua. Iache ipumue."

"Na mimi utaniacha nipumue?"

"Wewe hata sijakubana."

Valvu zikipimwa vizuri hukaa wiki nyingi bila kuguswa. Za Nurdin zilianza kulegea kila Alhamisi.

"Fundi wangu," alikuwa akipiga simu jioni, "inalia tena."

"Nurdin, si nimeipima juzi?"

"Basi laazizi, labda ninayelia ni mimi. Niilete?"

"Ilete."

Adija alijua kuwa haina kitu, na aliifungua hivyo hivyo kila Ijumaa alfajiri, kwa sababu ndiyo ilikuwa saa yake ya furaha. Alianza kuhesabu miezi mpaka msimu uishe na washenga wa Milola wapige hodi.

Siku moja mama yake alirudi msibani, akakaa kibarazani bila kuvua viatu.

"Mwanangu, watu wanasema Nurdin analala humu."

"Mama, kuingia chumbani kwangu si lazima mtu apite kitandani kwako?"

"Mimi najua. Wao wanaiona pikipiki yake hapa usiku, wanaiona alfajiri."

"Waache. Nurdin atawaambia inalala hapa kwa nini."

Alilisema hilo kwa moyo mweupe. Lakini wateja walianza kupungua. Wanawake waliwakataza waume zao kulaza pikipiki kwa Adija, na pikipiki isiyolala haipimwi valvu. Kazi aliyoachiwa na baba yake ilikuwa inamtoka mikononi, na alichohitaji ni neno moja la Nurdin.

Neno alilisema, ila si hilo. Moza, anayeuza chai kwenye kijiwe cha bodaboda, ndiye aliyemletea.

"Nimesikia kwa masikio yangu, shoga. Abdurahmani, bodaboda mwenzake Nurdin, kamuuliza mbele ya wenzao, pikipiki yako inalala wapi siku hizi? Nurdin kacheka. Kasema inalala anapolala mwenyewe."

Adija hakulia siku hiyo. Aliosha spana zote kwa mafuta ya taa, moja moja, akazipanga.

Ijumaa, Nurdin alipokuja na vitumbua, alimkuta amejifunga khanga. Ovaroli haikuonekana.

"Uliwaambia unalala kwangu?"

Nurdin aliviweka vitumbua chini. "Adija mpenzi, hujui maneno ya kijiweni. Nikisema natengenezewa na mwanamke, watanicheka mwaka mzima."

"Ukaona heri wanicheke mimi."

"Nakuoa, jamani. Nimeshaongea na mama yangu, washenga wanakuja mwezi ujao. Nikikuoa maneno yote yamekwisha."

"Na kazi yangu?"

"Utapumzika. Mke wangu atashika spana za nini?"

Adija aliichukua simu ya Nurdin juu ya tangi la pikipiki, akampa. "Mpigie Abdurahmani. Weka spika. Mwambie pikipiki inalala hapa kwa sababu injini lazima ipoe, na fundi wako ni mimi. Ukisema hivyo, washenga waje hata kesho."

Alipiga. Abdurahmani alipokea akicheka. "Niambie, bwana harusi. Bado umo ndani?"

"Niko kwa fundi," alisema Nurdin.

"Fundi gani saa hizi?"

Nurdin alimtazama Adija. Adija aliona midomo yake ikilianza jina lake, aliiona kabisa.

"Jamaa mmoja," alisema Nurdin. "Humjui." Akakata.

Kisha Adija akavuta kigoda, akampa spana.

"Kaa. Fungua vifuniko."

Alimfundisha kwa mdomo tu, mikono yake kaifumbata ndani ya khanga. Alimwelekeza ilipo alama, akamwambia alegeze nati, azungushe skrubu, apitishe bamba, aishike skrubu isizunguke wakati wa kukaza. Alipokosea alimrudisha mwanzo. Mara tatu alimrudisha. Machozi yalikuwa yanamtoka Adija na hakuyafuta, kwa kuwa alikuwa anampenda bado, na aliona aibu kwamba anampenda.

Pikipiki iliwaka, ikalia kwa mbali inavyotakiwa. Nurdin akatabasamu kwa kazi ya mikono yake.

"Lakini ukinifundisha hivi, mpenzi, nitakuja kwa sababu gani?"

"Hutakuja. Ukitaka kuipima, ipime kwako. Isilale tena hapa."

Nurdin alikaa juu ya pikipiki, akingoja aitwe. Hakuitwa. Somo lilikuwa limechukua muda, jua limepanda, na njiani watu walikuwa wengi wakienda shambani na sokoni. Akatoka uani kwa Adija mchana kweupe, macho mekundu kwa machozi aliyoyazuia, shati limechomoka kwa kuinamia injini. Majirani waliomwona wakatazamana, wakapata hakika ya walichokuwa wakikisema siku zote.