Sura Iliyokataa Kukauka

Rangi ya mafuta hukawia kukauka, hilo Tshimanga alilijua. Lakini picha inayozidi kulowa kila kukicha hakuwahi kuiona.

Alikuwa amechoka mno hata kushangaa. Alfajiri alipanda bisi ya Fungurume kwenda kulinda ghala, jioni akapanda ya kurudi Kolwezi, na njiani alichora kwa penseli sura za abiria asiowajua, akazipaka rangi nyumbani. Wengi walikuwa wamelala, na aliyelala halalamiki. Huyu wa sasa alikuwa kijana mchimbaji aliyeketi nyuma, macho wazi, akidondosha udongo mwekundu kitini. Rangi nyekundu ilikuwa imemwishia Tshimanga. Kijana aliposhuka, akauzoa ule udongo, akausaga kwa mafuta, akaipaka nao ile sura.

Kolwezi nzima inajua kwamba udongo wa shimo lililofukia watu hukung'utwa nje, hauvuki mlango. Basi tena, mchovu ana miiko gani?

Chumba kikaanza kunuka ardhi mbichi. Kisha mkewe, Noëlla, akaanza kukohoa.

"Tata," alinong'ona, "kuko muntu anakwaruza mule mu photo. Anapumua na pumuzi yangu."

Tshimanga naye akasikia, chuma kikikwaruza mwamba nyuma ya turubai la picha, taratibu, kama mtu aliyechoka kuchimba lakini anaogopa kuacha, na kila mkwaruzo ulipokuja kifua cha Noëlla kilishuka kikakawia kupanda, hata tope jekundu likamtoka pembeni mwa mdomo.

Akamwita mama Mushiya, mwombezi wa mtaa. Alinusa mlangoni, akakataa kiti.

"Ule alifia mu shimo, habakumutoa. Anatafuta bamuzike. Tuzike hii photo, tumuite jina yake, ataachilia huyu mwanamuke. Jina yake ni nani?"

"Mi sijue, mama. Sikumuuliza."

Aibu ikamchoma. Sura zote zile alizochukua, na hakuwahi kumuuliza mtu jina.

Wakaenda makaburini na ile picha hivyo hivyo, wakamlaza Noëlla juu ya kitenge, Tshimanga akachimba. Shimo lilipofika kina cha kutosha, Noëlla akakata pumzi.

Mama Mushiya aliinamia picha. "Lakini jina iko hapa chini."

Ilikuwa sahihi ya mchoraji. Tshimanga aliandika jina lake mwenyewe chini ya kila picha aliyoimaliza.

Alimtazama mkewe, midomo imeshabadilika rangi.

"Ita ile, mama."

"Tata, unajua unasema nini?"

"Ita!"

Mama Mushiya akaliita jina lile huku analia. Udongo ukaifunika sura.

Noëlla akavuta pumzi ndefu, akaketi, akageuka huku na huku.

"Mama Mushiya," akauliza, "bwana yangu iko wapi?"

Tshimanga alikuwa amemshika mkono.