Kibali cha Marehemu

Kila asubuhi Nelda Ledford alikigeuza kiti cha marehemu mumewe, pale kibarazani, kikaangalia ukuta. Kila jioni alikikuta kimegeuka tena, kinaangalia barabara.

Hakuna aliyekigusa. Yaani, hakuna aliyeonekana akikigusa.

Nelda alikuwa mjane wa miaka sabini na moja. Aliishi peke yake katika nyumba ya mbao, juu mlimani, kwenye milima ya North Carolina. Asubuhi alikunywa kahawa na mkate wa mahindi wa jana. Kisha alilisha kuku. Mchana alipika maharage. Ikifika saa tisa alasiri alifunga mapazia yote na kukaa kimya, kwa sababu saa tisa ndipo hatua zilipokuja.

Zilipanda ngazi za kibaraza. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili uliburuta. Ko, shrii. Ko, shrii. Kisha kimya. Baada ya nusu saa zilishuka tena.

Garland, mumewe, alitembea hivyo hivyo tangu siku gogo lilipomwangukia mguuni. Lakini Garland alikuwa na miezi minane kaburini. Nelda alikuwapo siku ya mazishi, na alihakikisha wamefukia vizuri.

"Kama ni wewe, Garland," alisema nyuma ya mlango, "futa viatu."

Hakujibiwa. Hilo halikumshangaza. Hata akiwa hai Garland hakuwa mtu wa kujibu.

Lakini usiku usingizi ulimpaa. Basi akaichukua bastola ya mumewe akaitia kwenye mkoba, pamoja na leso na pipi za kikohozi. Alikwenda nayo dukani. Alikwenda nayo kanisani. Alikwenda nayo bandani kwa kuku, nao kuku wakapunguza kutaga.

Siku moja ilikuja barua. Juu yake iliandikwa: Garland Ledford. Ndani ilisema kibali chake cha kubeba silaha iliyofichwa kinakaribia kuisha, aje akifanye upya.

Nelda hakuona ajabu. Barua zote za nyumba ile zilikuja kwa jina la Garland. Yeye mwenyewe, kwa miaka hamsini, aliandikwa kanisani "Bi Garland Ledford". Kiti cha kanisani kilikuwa cha Garland, sasa ni chake. Gari lilikuwa la Garland, sasa ni lake. Akaona kibali nacho ni hivyo hivyo.

Akavaa kofia yake nzuri, akaenda ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti.

Dirishani alikaa Wanda Presnell, jirani yake wa bondeni. Wanda aliipokea kadi ya kibali. Akaitazama picha. Akamtazama Nelda.

"Bi Nelda, huyu ana ndevu."

"Ndiyo. Hakupenda kunyoa."

"Na amefariki."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfanyia chakula cha matanga. Nimekuja kufanya kibali chetu upya."

Wanda alishusha sauti. "Bastola yenyewe iko wapi?"

"Hii hapa." Nelda aliupiga mkoba kofi, nao ukalia *ngo* juu ya kaunta ya polisi.

Wanda alifumba macho. "Bi Nelda. Toa mkono kwenye mkoba. Polepole. Sasa usiguse kitu chochote mpaka nikwambie."

Askari mmoja alikuja. Aliichukua bastola akaitoa risasi. Kisha akaja sherifu mwenyewe. Alimwambia Nelda kuwa amevunja sheria mara mbili: kwa kuibeba imefichwa bila kibali, na kwa kuiingiza katika ofisi ile.

"Leo nakupa onyo," alisema. "Nikikukuta tena nayo, utamweleza hakimu. Askari ataipeleka nyumbani kwako. Ifungie. Isitoke."

Nelda alikaa kwenye benchi. Wanda alimletea maji.

"Lakini kadi ilikuwa na jina langu," Nelda alisema. "Bi Garland Ledford."

"Kadi ina jina la Garland. Kibali si gari, Bi Nelda. Hakirithiwi. Hakihami kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Ni cha mtu mmoja, na mtu huyo akifa, nacho kimekufa."

"Na nyumbani?"

"Hapa kwetu, ndani ya nyumba yako huhitaji hicho kibali. Lakini ukiificha mwilini au mkobani ukatoka nayo, lazima uwe nacho. Kwanza unasoma darasa la siku nzima, na unafanya mtihani wa kulenga shabaha. Unakuja na cheti na kitambulisho. Unajaza fomu, unaapa kuwa ni kweli. Unaruhusu tuangalie kumbukumbu zako za mahakama na za hospitali. Tunachukua alama za vidole. Halafu unangoja."

"Kwenye fomu mnauliza kama mtu anasikia mambo?"

Wanda alimkazia macho. "Unasikia mambo gani?"

"Redio," alisema Nelda haraka. Aliogopa kutaja hatua. Angesema, wangemwita kichaa, wangempeleka kwa dada yake mjini, na nyumba ingebaki na yule wa saa tisa.

Darasa lilikuwa Jumamosi, nyuma ya kituo cha zimamoto. Mwalimu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kulinda wanyama wa porini.

"Kidole nje ya triga," alisema, "mpaka umeamua kupiga. Mdomo wa bastola usimwelekee mtu. Na usipige kitu usichokiona vizuri. Ukisikia sauti, hujaona. Ukiona kivuli, hujaona. Ona uso. Ona mikono."

Nelda aliinua mkono. "Na kama ni mzimu?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka.

"Mzimu haudhuriki kwa risasi, mama. Ila ukimpiga mtu ukidhani ni mzimu, utakuwa umeutengeneza mwenyewe."

Nelda alifaulu mtihani. Alilenga vizuri kuliko vijana wawili wenye misuli, na hakuacha kuwatajia hilo.

Kwenye fomu aliandika "Bi Garland Ledford". Wanda akairudisha.

"Hakuna mtu wa jina hilo. Andika lako."

Kalamu ilisita. Kisha akaandika, kwa herufi za mtoto wa shule: Nelda Faye Ledford.

Zikaja alama za vidole. Wanda aliuweka mkono wa Nelda juu ya kioo cha mashine. Mashine ikalia. Wanda akaufuta mkono, akajaribu tena. Ikalia tena.

"Inasemaje?" aliuliza Nelda.

"Inasema hakuna kidole."

Nelda alivitazama vidole vyake. Vilikuwa laini kama nta ya mshumaa. Havikuwa na mstari hata mmoja. Nyumbani kuna mtu asiyeonekana, na hapa yeye mwenyewe haonekani. Alijiuliza ni nani hasa kati yao aliyezikwa.

"Ulifanya kazi gani, Bi Nelda?"

"Kiwanda cha soksi. Miaka thelathini na minne, nikigeuza soksi."

"Basi soksi zimekula alama zako. Usihofu, si wewe wa kwanza. Tutazituma hivi hivi. Zikikataliwa, tutazituma tena. Zikikataliwa mara ya pili, wataomba kukuchunguza kwa jina. Ndiyo maana jina liwe lako, na liwe la kweli."

Zilikataliwa mara mbili. Uchunguzi wa jina ukaanza. Nelda alingoja.

Siku moja ukungu ulishuka mpaka miti ikapotea. Saa tisa hatua zikaja. Ko, shrii. Ko, shrii. Safari hii hazikunyamaza. Kitu kiligonga ukuta wa kibaraza, mara moja, kwa uzito.

Nelda alifungua kisanduku alimoifungia bastola, akaitoa. Akavuta pazia upana wa kidole.

Garland alikuwa amekaa kwenye benchi.

Koti lake la kahawia, lenye kiraka begani. Kiraka alikishona Nelda mwenyewe. Mgongo ulioinama. Ukungu umemzunguka, hana kichwa wala miguu.

"Nani hapo?" Nelda aliita.

Akaita tena, kwa sauti zaidi.

"Sema, au napiga!"

Koti halikutikisika. Kidole chake kilikuwa kinatafuta triga. Alikiona kama kidole cha mtu mwingine. *Hujaona. Umeona koti.* Akakinyoosha kidole pembeni ya bastola. Akarudi nyuma polepole mpaka jikoni, ambako dirisha liliona kibaraza kwa ubavu.

Akaona uso. Masikio makubwa, pua nyekundu ya baridi. Akaona mikono. Ilishika kofia tu, na fimbo ilikuwa imeangukia ukutani.

Ni Elzie, baba mkwe wa Wanda, aliyepasua mbao na Garland maisha yao yote. Nyonga yake ilikuwa mbovu. Masikio yake makubwa yalikuwa na miaka kumi hayasikii bila kupigiwa kelele.

Nelda aliifungia bastola kwanza. Ndipo akafungua mlango na kumgusa bega. Mzee akaruka.

"Nelda! Kumbe upo? Mapazia yamefungwa, nikajua umehamia kwa dada yako!"

"Nipo kila siku!" Nelda alipiga kelele sikioni mwake. "Hilo koti umelitoa wapi?"

"Mnada wa kanisa. Uliligawa wewe." Aliishusha sauti. "Nakuja kukaa na Garland kidogo. Tulizoea saa tisa."

Nelda alikaa kando yake, akalishika koti kwenye mkono, ndani yake mkono una joto. Kidole kingesogea nusu inchi tu, sasa angekuwa anamzika.

"Lakini kwa nini unageuza kiti chake?" alipaza sauti tena.

"Kiti kipi?" alisema Elzie. "Mimi sijawahi kukigusa."

Hilo la kiti sheria haina fomu yake. Nelda aliliacha.

Kuanzia siku ile mapazia yalibaki wazi. Saa tisa kulikuwa na kahawa mbili.

Kibali kilikuja kabla ya theluji. Wiki moja baadaye, akienda mjini, askari kijana alimsimamisha kwa sababu taa ya nyuma haikuwaka. Nelda aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, kama alivyofundishwa, na akasema kabla hajaulizwa:

"Nina kibali cha silaha. Bastola imo kwenye mkoba, kiti cha pili. Siigusi mpaka uniambie."

"Asante kwa kusema mapema, mama. Iache hapo hapo." Askari aliisoma kadi, akaangalia picha, akamwangalia yeye. "Nelda Faye Ledford. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," alisema Nelda.

Askari akamrudishia kadi, akamwambia abadilishe taa.